Boti Haina Mlango

Mama Fundi hakuwahi kushindwa katika mabishano, kwa sababu hakuwahi kukaa mpaka yakafika mwisho. Neno likianza kumkera alisimama, akajifunga mtandio kiunoni, akatoka na kufunga mlango nyuma yake polepole. Hakuubamiza, na hilo lilikuwa baya kuliko kuubamiza. Alimwachia meneja wa benki sentensi mdomoni. Alimwachia kaka yake mkubwa kikao kizima cha kugawana shamba la baba yao, na shamba mpaka leo halijagawanywa. Kuna mwaka alitoka kwa daktari wa meno na pamba shavuni, kisa daktari alimuuliza kwa nini alikawia kuja. Karakanani kwake, ambako wanawake sita walishona sare za shule, hakuhitaji hata mlango. Aliketi kwenye cherehani yake ya zamani, akakanyaga pedali, na kelele zile zikayamaliza mazungumzo.

Ndiyo maana Kitinda, mwanawe wa mwisho, ambaye jina hilo la kitindamimba lilimng'ang'ania hata baada ya kuota ndevu na kuoa, aliamua kumwambia mama yake baharini.

Wazo lilikuwa lake na alijivunia. Walikuwa wamekuja likizo ya siku nne, watu watatu, kwenye hoteli ndogo ya ufukweni, ili mama apumzike baada ya msimu wa sare. Kwenye meza ya mapokezi palikuwa na karatasi za safari ya nusu siku kwa katamarani: kuondoka saa mbili asubuhi, kwenda kwa tanga mpaka kwenye fungu la mchanga, kuogelea, matunda, kurudi saa saba mchana. Kitinda aliisoma mara mbili, akapanda nayo chumbani kwa mkewe akinong'ona kama mtu aliyeokota dhahabu. Saa tano nzima, alisema. Saa tano, na boti haina mlango.

Mkewe hakucheka. Karakanani walimwita Makasi, kwa kuwa kazi yake ilikuwa kukata vitambaa, na siku zile kichwa chake kilikuwa kinakata siku. Leo Jumamosi. Kesho wanarudi nyumbani. Jumatatu asubuhi alitakiwa awe amefika mji mwingine, kwenye chuo cha ufundi kilichomwajiri kufundisha ushonaji, achukue ufunguo wa nyumba ya mwalimu. Asipotokea, barua ilisema bila kupepesa, kazi na nyumba vitakwenda kwa aliyemfuatia kwenye orodha. Barua hiyo aliipata wiki tano zilizopita. Kwa wiki tano, Kitinda alikuwa anasema atamwambia mama yake kesho.

Wiki mbili nyuma, siku Mama Fundi alipokwenda msibani, Makasi alifunga mlango wa karakana akakata mapazia ya nyumba ile. Vipimo alivichukua siku ya usaili, kwa futi aliyoificha kwenye pochi. Alikata mbiombio, masikio yako getini. Kisha akavificha vipande mahali ambapo aliamini kitambaa hakiwezi kuonekana, yaani kati ya vitambaa, chini kabisa ya gunia la mabaki.

"Ukirudi nchi kavu leo hujasema," alimwambia Kitinda asubuhi ile wakivaa ndala, "Jumatatu naondoka peke yangu. Wala sitagomba. Nitaondoka tu."

"Nitasema, mke wangu. Mbona unanikaba koo?"

"Kwa sababu wewe sauti yako haitoki mpaka ukabwe."

Katamarani ilikuwa kama boti mbili nyembamba, nyeupe, zilizowekwa sambamba na kuunganishwa juu kwa sakafu moja. Mbele, kati ya pua zake mbili, ulitandazwa wavu mnene ambao mtu aliweza kulala juu yake akaona maji yanapita chini ya tumbo lake. Abiria wengine walikuwa wanne tu: maharusi wapya ambao hawakuachana mikono hata wakati wa kuvuka ubao, na mwalimu mkuu mstaafu na mkewe. Nahodha alishika usukani nyuma bila kusema na mtu. Kazi ya kusema alimwachia baharia wake, mwanamume mfupi mwenye kofia ya uzi, aliyesimama mlangoni mwa gati akiwatazama abiria mmoja mmoja kuanzia kichwani mpaka miguuni, maana boti ya namna ile hupangwa kwa uzito, kila upande ubebe sawa na mwenzake.

Mama Fundi alipoona anapimwa kwa macho, alimwambia yule mtu kwamba yeye ndiye apimaye watu, mwaka wa thelathini na mmoja huu, na hajawahi kumpima mtu bila futi wala bila kumsalimia kwanza. Baharia akamwamkia. Mama Fundi akaitikia, akaketi upande wa kulia alikoonyeshwa, kisha akamnyooshea Makasi kidevu.

"Huyo mweke popote. Hana uzito. Nyumbani kwangu ana mwaka wa nne, na hata kiti hakijui kama kimekaliwa."

Baharia alicheka kidogo, kwa adabu ya kazi, akamweka Makasi kushoto. Kitinda akaketi katikati, mgongo kwenye mlingoti, kama kifungo kinachojitahidi kushika pande mbili za blauzi iliyobana.

Tanga likapanda, likajaa upepo kwa mshindo mmoja, na boti ikaondoka kwa kasi ambayo hakuna aliyeitarajia. Bibi harusi alipiga kelele za furaha. Ufuo ukawa utepe, hoteli ikawa kisanduku. Makasi alimtazama mumewe na kusubiri.

Mara ya kwanza Kitinda alikohoa akasema, "Mama."

"Sema."

Akamuuliza kama jua si kali upande ule. Mama Fundi akajibu kwamba jua ni lilelile pande zote. Mara ya pili, baada ya nusu saa nzima, alimwita tena, na Makasi akaona koo la mumewe linapanda na kushuka kama ndoo kisimani. Kilichotoka ni swali kama angependa maji ya kunywa. Mama Fundi alimtazama mwanawe kwa muda mrefu kuliko swali la maji linavyostahili, akasema hana kiu.

Mdomo wake aliupeleka kwa mke wa mwalimu mstaafu, aliyeketi naye benchi moja, na sauti aliipandisha makusudi ivuke sakafu yote ifike kushoto. Alimsimulia jinsi alivyomfundisha mtoto wa watu kushika makasi, alipokuja hajui hata upande wa kitambaa. Jinsi alivyompa meza ya kukatia iliyo bora kuliko yake mwenyewe. Jinsi shukrani ya punda ilivyo mateke. Mke wa mwalimu, mama mwenye moyo mwepesi, alisema wakwe wa siku hizi ni mtihani.

"Mkwe ni pini iliyoanguka kitini," Mama Fundi alisema. "Huioni mpaka uikalie."

Mke wa mwalimu alicheka mpaka akashika ubavu. Halafu macho yake yakakutana na ya Makasi na kicheko kikamkaukia.

Makasi kwa miaka minne alikuwa amejifunza kuyameza. Alimeza kijembe cha chumvi, kijembe cha kuchelewa kuamka, kijembe cha tumbo lake ambalo bado halijabeba mtoto, na hicho cha mwisho kilikuwa kinamezwa kila mwezi. Lakini leo tumbo lilikuwa limejaa.

"Pini haiangukii kiti yenyewe, Mama," alisema. "Kuna aliyeidondosha akaona uvivu kuinama."

Boti nzima ilisikia. Mwalimu mstaafu alianza kuchunguza mawingu. Mama Fundi alijifunga mtandio kiunoni, na Makasi akaiona mikono ile ikifanya kazi yake ya siku zote, akaona miguu ikikusanyika chini ya benchi tayari kusimama. Ila pa kwenda hapakuwapo. Mbele wavu, nyuma nahodha, kulia na kushoto maji. Mama Fundi akabaki ameketi, mikono juu ya fundo la mtandio, na kwa mara ya kwanza Makasi akafikiri kwamba Kitinda hakuwa mjinga.

Alipogeuka kumpa ishara mumewe kwamba wakati ndio huu, Kitinda alikuwa amekuwa rangi ya majivu. Aliinuka, akajikokota mpaka ukingoni, akatapika. Alitapika kwa bidii, mara tatu, na aliporudi kujilaza kifudifudi kwenye wavu, uso wake ulikuwa na utulivu wa mtu aliyepewa udhuru na daktari. Bahari ilikuwa imemchafua roho kweli, Makasi hakulikataa hilo. Alichokiona ni kwamba ugonjwa haukumuudhi.

Fungu la mchanga lilitokea kama mgongo mweupe katikati ya bahari, halina mti wala jiwe. Baharia alishusha nanga, akashusha ngazi, akafunga kamba yenye maboya kutoka kwenye boti mpaka kigingi kilichosimikwa mchangani. Aliwaeleza kwamba maji ya katikati hufika kifuani tu kwa sasa, lakini yanajaa. Saa sita kasorobo wote wawe wamepanda, maana saa sita na nusu fungu lenyewe halitakuwepo. Maharusi wakaruka. Mwalimu na mkewe wakateremka wakishikana kama watoto.

Makasi alikwenda kwenye wavu akachutama kando ya kichwa cha mumewe. Alimkumbusha. Kitinda alijibu bila kufumbua macho kwamba haoni hata juu na chini, mke wangu, nenda umwambie wewe, nyinyi ni wanawake, mtaelewana.

"Mimi na mama yako tutaelewana?"

"Mwanzie taratibu," alisema Kitinda.

Basi Makasi alipiga moyo konde. Alivuka sakafu kutoka kushoto kwenda kulia, akaketi benchi la mbele ya mavyaa wake, magoti kwa magoti, akasema, "Mama, kuna jambo."

Mama Fundi akasimama. Akakaza fundo la mtandio. Makasi alikaribia kumwonea huruma, akifikiri sasa mama huyu atageuka huku na huku kama kuku aliyefungiwa. Mama Fundi alikwenda mpaka kwenye ngazi, akageuza mgongo, akashuka na gauni lake kidato baada ya kidato, akajiachia. Hakugusa kamba. Aliogelea kwa mapigo marefu, kichwa juu, pozi za mtu anayekwenda zake sokoni, mpaka akafika mchangani na kuketi akitazama upande mwingine.

Kitinda aliinua uso kutoka kwenye wavu, shavu limechorwa mirabaraba.

"Mama anajua kuogelea?"

Makasi alikuwa ameshasimama. Yeye kuogelea hakujua. Aliomba jaketi la kuokolea, baharia akamfungia vishikizo vyote vitatu, na akashuka akiikumbatia ile kamba, boya baada ya boya, maji yakimpiga kidevuni, akinywa chumvi na kumlaani kila aliyehusika na ndoa yake kuanzia mshenga. Akakanyaga mchanga. Mama Fundi hakugeuka.

"Mita moja na arobaini na mbili," alisema, akiitazama bahari.

Makasi alisimama akichuruzika maji.

"Mara tatu. Umeandika kwa chaki chini ya ubao wa meza yangu, ukafuta kwa kiganja. Chaki haifutiki kwa kiganja, nilikufundisha mwenyewe. Nyumba yangu ina madirisha saba, hakuna hata moja linalofika mita. Mteja wa mapazia hatuna tangu mwaka jana. Nikasema, mtu huyu ana madirisha mahali." Alichota mchanga akauachia upepo. "Nikalimwaga gunia. Wasemao kikulacho ki nguoni mwako hawakukosea, na mimi nguo nashona mwenyewe."

"Ulijua tangu lini?"

"Siku ileile ya msiba. Nilirudi chumba kinanuka kitambaa kipya."

Wiki mbili. Wiki mbili walikula meza moja, na mama huyu akipakua, akisema ongeza. Makasi alihisi hasira inampanda kutoka miguuni. Alitaka kumuuliza ni moyo gani huo. Lakini hakuna swali la namna hiyo ambalo asingeweza kuulizwa yeye kwanza, hivyo akasema kilichomleta, chote, wima, sauti ikipambana na upepo: kwamba amepata kazi chuoni, kwamba amepewa nyumba, kwamba Jumatatu asubuhi lazima awepo, kwamba yeye na Kitinda wanahama.

Mama Fundi alisikiliza mpaka neno la mwisho. Labda kwa sababu mchanga nao haukuwa na mlango.

"Wewe umesema," alisema. "Ulimi unao, sijawahi kukunyima hilo. Lakini wewe sikukuzaa. Unajua baba yake alinipeleka wapi siku aliyoniacha? Mgahawani. Vitambaa vyeupe mezani, mhudumu anamimina maji. Tukala tukamaliza, akanirudisha nyumbani, hajasema kitu. Wiki iliyofuata dada yake ndiye aliyeniambia, mlangoni kwangu, amesimama na mwavuli. Juzi Kitinda aliponiletea ile karatasi ya boti anatabasamu, nikaliona tabasamu la mgahawani." Alijifuta uso kwa kiganja chenye mchanga. "Mimi siondoki hapa mpaka aje aliyenileta. Aje aseme kwa kinywa chake."

"Anaumwa, Mama. Hawezi hata kusimama."

"Anaumwa tangu azaliwe. Kamwite."

"Na maji yakijaa?"

"Naogelea," alisema Mama Fundi. "Wewe je?"

Makasi alirudi akishikilia ile kamba, na sasa katikati miguu haikugusa chini. Alipanda ngazi akipumua kama aliyefukuzwa. Mchana ulikuwa unakimbia. Maharusi walikuwa wameshapanda, wakila matikiti. Mwalimu na mkewe walifuata. Baharia alipuliza filimbi mara mbili, na kwenye fungu la mchanga, ambalo sasa lilikuwa limepungua likawa kama mkeka, yule mama mnene alibaki ameketi.

Kitinda aliambiwa. Alisema kichwa kinamzunguka. Aliambiwa tena. Aliuliza kama mama amekasirika sana, au kidogo. Nahodha, ambaye tangu asubuhi hakuwa amefungua kinywa, alikuja mbele akasema kwamba katika boti yake hajawahi kumwacha mtu baharini na hataanza leo kwa ajili ya ugomvi wa jikoni; kama huyu bwana hana miguu, basi ampe baharia ruhusa wakambebe mama mzimamzima. Bwana harusi alisema wao wana chakula cha mchana saa saba na nusu. Mke wa mwalimu alisema, kwa sauti ya chini ambayo kila mtu aliisikia, kwamba mtoto wa kiume ni mzigo, akimkuta mke mwenye nguvu ndiyo basi, kabebwa.

Maji yalifika miguuni mwa Mama Fundi. Akasimama. Yakafika magotini, na gauni likamzunguka kama ua.

"Kitinda," Makasi alisema. Hakupandisha sauti. "Mama yako amesimama kwenye maji anakusubiri useme neno moja. Mimi nimesubiri wiki tano. Shuka."

Alishuka. Na shati lake, na saa yake ya mkononi, akitapatapa kwenye kamba, akifika akiwa amepoteza ndala moja. Kutoka botini waliwaona wawili hao wamesimama uso kwa uso, maji yamewafika mapajani, upepo ukichukua kila neno na kulipeleka kwingine. Kitinda aliongea. Alionyesha boti kwa mkono, akaonyesha anga, akaweka mkono kifuani. Mama Fundi hakutikisa hata kichwa. Halafu alimpita, akajitosa, akaogelea kurudi, na mwanawe akamfuata akishikilia kamba.

Nanga ilipopandishwa, Kitinda alijibwaga kando ya mkewe, meno yakigongana, akamminya vidole.

"Nimemwambia," alimnong'oneza. "Yameisha. Umeona? Wala hakugomba."

Ni kweli hakugomba. Makasi alimfunika taulo mabegani. Alimpenda wakati ule. Alikumbuka kwa nini alimpenda tangu mwanzo, huyu mtu asiyeweza kumuumiza hata sisimizi. Alifikiri juu ya madirisha matatu, na asubuhi ikiingia kupitia kitambaa cha njano.

Walikuwa nusu ya safari ya kurudi pale Mama Fundi alipomwita. "Makasi. Njoo hapa." Baharia akaanza kueleza habari za uzito. Mama Fundi akamwambia ameshasema, huyu hana uzito, na leo hana muda wa kurudia. Makasi alivuka akaketi.

"Amekwambia ameniambia nini?"

"Kwamba tunahama."

"Ameniambia hamhami." Mama Fundi alisema bila kuteremsha sauti wala kuipandisha, kama anayemsomea mteja vipimo vyake. "Kwamba mambo ya chuo ni wazo lako, homa tu, litapita, yeye atakutuliza. Kwamba hawezi kuniacha mimi. Na kwamba nirudi botini, jua kali."

Makasi aligeuka. Kitinda alikuwa ameketi chini ya mlingoti na taulo lake, akiwatazama wote wawili kwa tabasamu dogo, la mtu aliyempa kila mmoja alichotaka.

"Nilisimama kwenye yale maji nijue kitu kimoja," Mama Fundi alisema. "Kama nilizaa mtu, au nilizaa baba yake. Kitinda, njoo."

Alikuja. Kwa kuwa boti iliyumba, alikuja kwa magoti.

"Jumatatu asubuhi chumba chenu nakihitaji. Naweka cherehani mbili."

"Mama, lakini si nimekwambia..."

"Nimesikia ulichoniambia. Na huyu amesikia ulichomwambia. Sasa sema tena, sote tukiwa hapa."

Kitinda alifungua kinywa. Alitazama kulia, akatazama kushoto. Alitazama nyuma kwa nahodha, ambaye aliendelea kutazama tanga, na mbele kwenye wavu, ambako maharusi walikuwa wamegeuka kumtazama. Ilikuwa bado dakika arobaini kufika gatini. Makasi alimwona mumewe akitafuta mlango, na hakumsaidia.

"Sikutaka mtu aumie," Kitinda alisema mwishowe.

"Hilo halikuwa swali," Makasi alimwambia.

Akainamisha kichwa. Hakuna aliyemwondoa pale. Alibaki amepiga magoti kati yao njia nzima, kila wimbi likimgonga mara kwenye goti la huyu, mara kwenye goti la yule.

Ufuo ulipoanza kuonekana tena kama utepe, Mama Fundi alisema, "Halafu umekata bila pindo."

Makasi hakuelewa mara moja.

"Yale mapazia. Mita moja na sitini kwenda chini, kamili, hata nafasi ya kukunja hukuacha. Mwanafunzi wa wiki moja hafanyi hivyo."

"Nilikuwa naogopa utarudi."

"Nilirudi. Ungeyatundika vile yangening'inia juu kama suruali ya mtoto aliyekua, watu wangeuliza huyu mwalimu alifundishwa na nani." Alikamua upindo wa gauni lake, maji yakamwagika kwenye miguu ya wote. "Unga kipande chini, vidole vinne. Rangi nyingine, ionekane ulikusudia. Kitambaa kiko kwenye kabati la pili, kile cha kijivu."

"Ahsante, Mama."

"Usinishukuru. Sikupendi, na siku hizi mbili zilizobaki sitaanza. Ingekuwa kuna mlango hapa ningeshatoka zamani."

Gatini, Mama Fundi alishuka wa kwanza bila kushika mkono wa baharia. Aliondoka na gauni lake limemnata, hatua pana, haangalii nyuma. Makasi alishuka wa pili. Kitinda alibaki juu ya ubao, mguu mmoja na ndala, mmoja bila, akauliza sasa yeye anakwenda na nani. Hakuwa anamuuliza mtu hasa. Baharia alimwambia apishe, wenzake wanataka kushuka.

Mwisho wa gati kulikuwa na geti la mbao lenye komeo. Mama Fundi alilifungua, akapita, akalifunga nyuma yake polepole, bila kulibamiza. Makasi alilifikia. Kichwani alikuwa anapiga hesabu, vidole vinne mara mapazia matatu, njano na kijivu, na basi la kwanza la Jumatatu ambalo huondoka saa kumi na moja alfajiri. Akalifungua, akapita.

Hakulifunga.